KUTAFUTA KAZI: BARUA, MAHOJIANO NA MITEGO YA WALAGHAI



Mwaka jana kikundi kimoja cha kina mama wa ufuo wa ziwa kilituita kwa haraka. Tulidhani ni habari ya kuku au hesabu za nyoluoro. Kumbe ni mambo ya kazi. Mama mmoja, mjane, alikuwa amekopa shilingi 30,000 kutoka kwa kikundi, akauza na mtamba wake, akampa pesa zote mtu aliyeahidi kumwingiza kijana wake kazini Kisumu. Mtu huyo alivaa tai, alikuwa na fomu zenye muhuri, na alijua majina ya wakubwa wengi. Siku ya kuripoti, kijana alifika langoni na sanduku lake. Askari akamwuliza, "Nani amekuita?" Jina lake halikuwa mahali popote. Simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa, na imezimwa hadi leo.

Mama akakosa mtamba, kijana akakosa kazi, na kikundi kikakosa pesa za wanachama wengine waliokuwa wakingoja zamu yao. Wawili walitoka kwa hasira.

Tukaketi nao chini ya mti, na hapo tukajiona sisi wenyewe. Kikundi hicho tumekitembelea miaka minne. Tumefundisha mboga, kuku, vitabu vya hesabu na hata kutengeneza sabuni. Lakini jinsi kijana anavyoomba kazi hatukuwahi kufundisha hata siku moja. Hiyo ilikuwa kasoro yetu, na makala haya ni jaribio la kuirekebisha.

Neno letu ni moja: kazi ya kweli hainunuliwi. Kazi huombwa, na kuomba ni ufundi unaofunzwa. Hatuwezi kuahidi kwamba kila kijana ataajiriwa, kwa maana nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini kijana aliyejiandaa hatanunua fomu ya uongo, na nafasi ya kweli ikitokea haitampita kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana.

Anzeni na karatasi

Wazee wetu walisimuliwa habari za kipande. Kuanzia 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo ziliandikwa habari za kazi yake na mshahara wake, na mwenye kuandika ni mwajiri. Mfanyakazi mwenyewe hakuwa na neno. Siku hizo zimepita. Leo wewe ndiwe unayeandika habari zako, basi ziandike vizuri na uzitunze vizuri.

Kila kijana awe na faili au bahasha ngumu, ihifadhiwe mahali ambapo mvua na panya hawafiki. Ndani yake kuwe na:

- Kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa.
- Vyeti vya shule. Hata cheti cha KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023, kiwekwe. Ziko kazi zinazokiuliza.
- Cheti cha chuo au cha ufundi, hata kama ni kozi ya miezi mitatu.
- Namba ya PIN ya kodi kutoka KRA.
- Barua za watu wanaokufahamu: mwalimu, padri au mchungaji, chifu, mwenyekiti wa kikundi.
- Nakala tatu au nne za kila kitu.

Angalieni majina. Hapa kwetu mtoto ana jina la ubatizo, jina la kuzaliwa na jina la baba. Shuleni huandikwa hivi, kwenye kitambulisho huandikwa vile. Herufi moja ikitofautiana, ofisi inaweza kusema hao ni watu wawili. Jambo hili hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, lakini linachukua siku kadhaa. Lifanyeni sasa, si usiku wa kuamkia mahojiano.

Ikiwa shule imeshikilia cheti kwa sababu ya deni la karo, msikate tamaa. Wizara ya Elimu imeagiza mara kadhaa kwamba vyeti visizuiliwe. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu kwa heshima, na asiposikizwa aende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ikiwa cheti kimepotea, piga ripoti polisi, upate abstrakti, kisha uombe msaada kwa Baraza la Mitihani, yaani KNEC.

Cheti cha tabia njema huombwa kwa mtandao wa eCitizen, halafu mtu huenda kupigwa alama za vidole, kwa mfano pale Huduma Centre Kisumu. Kina ada yake na hakitoki siku hiyo hiyo. Lakini fahamuni jambo moja ambalo wengi hawajalisikia. Tangu sheria ya ajira iliporekebishwa 2022, mwajiri hatakiwi kumdai mwombaji vyeti vya kuidhinishwa, kama vile vya kodi, mkopo wa HELB na polisi, kabla ya kuwa na nia ya kumpa mkataba. Kwa hiyo kijana asikope pesa nyingi kukusanya vyeti hivi vyote kwa kila tangazo analoliona.

Na neno la mwisho juu ya karatasi: mpe mtu nakala, usimwachie cheti halisi. Cheti halisi huonyeshwa, kisha hurudi mfukoni mwako.

Nafasi hutangazwa wapi?

Kazi za serikali hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na zile za kaunti na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Gazeti la MyGov, linalotoka Jumanne, hubeba matangazo mengi ya namna hii. Shule, hospitali na viwanda hubandika matangazo langoni. Mengine hufika katika ofisi ya chifu na ubao wa kanisa. Kikundi kinaweza kumchagua mtu mmoja awe macho yetu: kila wiki apite kwenye mbao hizi na kwenye saiba, kisha alete habari mkutanoni.

Soma tangazo lote, hata maandishi madogo. Wanataka nini? Mwisho wa kutuma ni lini? Wanataka bahasha au mtandao? Kijana akituma bahasha mahali palipoandikwa "mtandao tu", barua yake haitafunguliwa hata kama ni nzuri namna gani.

Barua ya maombi

Barua isizidi ukurasa mmoja. Isiwe barua ya kulia shida. Tumesoma barua nyingi zinazoanza, "Mimi ni yatima, nina shida sana, nisaidie." Shida ni ya kweli na tunaihurumia, lakini mwajiri anatafuta mtu wa kumfanyia kazi. Mwonyeshe utakachomfanyia. Huu hapa mfano:

Jina lako, S.L.P. yako, namba ya simu
Tarehe

Kwa Meneja,

KUH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI WA STOO

Nimesoma tangazo lenu lililobandikwa katika ofisi ya chifu tarehe 4 Machi. Naomba kazi hiyo.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2021. Tangu hapo nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu chenye wanachama 22. Kila wiki napokea akiba, naiandika kitabuni na kuipeleka benki. Pia nauza omena pamoja na mama yangu, kwa hiyo nimezoea mizani na kuhesabu magunia.

Nakala za vyeti vyangu zimo ndani. Niko tayari kuja kwa mahojiano siku mtakayotaja.

Wako mwaminifu,
(saini na jina)

Waajiri wengi watataka barua hii kwa Kiingereza. Fuateni mpangilio huu huu: nimeona wapi, naomba nini, naweza nini, napatikana wapi. Mwalimu wa karibu aisome kabla haijatumwa. Kijana asinunue barua iliyoandikwa tayari kule saiba, kwa sababu wenzake hamsini wamenunua hiyo hiyo.

Pamoja na barua huenda wasifu, ile karatasi ambayo vijana huiita sivii. Hapa ndipo vijana wetu hukwama. Husema, "Sina uzoefu, sijawahi kuajiriwa." Tukiwauliza vizuri, tunakuta mmoja alisimamia mjengo wa darasa la shule, mwingine alirekebisha injini za mashua, mwingine alikuwa katibu wa kamati ya ufuo ya wavuvi, yaani BMU. Hayo yote ni uzoefu. Yaandikwe kwa mwaka na kwa hesabu: watu wangapi, pesa ngapi, muda gani. Lakini yawe ya kweli. Uongo mdogo kwenye wasifu huulizwa mbele ya watu watano, na hapo ulimi hukauka.

Simu yako ndiyo mlango wako

Kijana mmoja tunayemjua alifaulu katika uchaguzi wa kwanza. Alipigiwa simu mara mbili, na laini ilikuwa mikononi mwa binamu yake. Nafasi ikapewa mwingine. Tangu siku hiyo tunashauri barua iwe na namba mbili: yako, na ya mtu mzima anayeshinda hewani, kwa mfano katibu wa kikundi. Usibadilishe laini ovyo. Ukipigiwa, jibu kwa utulivu, uliza jina la mpigaji, mahali, siku na saa, uandike, kisha urudie ulichoandika.

Hapo kwenye saa pana mtego. Ukiambiwa kwa Kiingereza "eight thirty", hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi kwa Kiswahili. Yuko msichana aliyeandika 8 kwenye karatasi, mama yake akaisoma kuwa saa nane, akafika mchana wakati wahojaji wamekwenda kula.

Na safari ipimwe mapema. Anayetoka Mbita akikosa feri ya kwenda Luanda Kotieno, itambidi azunguke kwa barabara kupitia Homa Bay, na siku imeharibika. Afadhali kulala kwa jamaa Kisumu usiku mmoja kuliko kukimbia na jasho asubuhi.

Siku ya mahojiano

Nguo si lazima ziwe mpya. Ziwe safi, zimepigwa pasi, na viatu vimepanguswa vumbi. Fika nusu saa mapema. Msalimu askari wa lango na karani kwa adabu, kwa maana nao huulizwa baadaye, "Yule alikuwaje?"

Ukiingia, salimia, ngoja uambiwe keti. Kwa desturi yetu kijana huinamisha macho mbele ya wakubwa, na hiyo ni heshima. Lakini pale ndani inaweza kuonekana kama unaficha kitu. Mtazame kwa upole yule anayekuuliza. Kama Kiingereza kinasita, sema polepole kwa maneno mafupi. Kuomba swali lirudiwe si aibu.

Maswali yenyewe hayabadiliki sana. Tuangalie matatu.

"Tueleze habari zako." Huku kwetu mgeni akiuliza hivyo anataka kujua wewe ni mtoto wa nani na mnatoka wapi. Basi kijana huanza: "Baba yangu ana wake wawili, mimi ni wa tano..." Sivyo. Hapa wanauliza habari zinazohusu kazi. Jibu: "Naitwa fulani. Nilisoma hadi kidato cha nne. Miaka mitatu nimeshika hesabu za kikundi, na sasa natafuta kazi ya stoo."

"Tangu 2021 umekuwa ukifanya nini?" Wengi hujibu, "Nilikuwa tu nyumbani." Hilo neno "tu" limewanyima wengi kazi. Ulikuwa unalea, unalima, unavua, unauza. Sema hivyo bila kuona haya.

"Udhaifu wako ni upi?" Usiseme huna. Sema ukweli mmoja na unavyoushughulikia: "Nilikuwa naogopa kuongea mbele ya watu. Sasa kila mwezi nasoma hesabu mbele ya kikundi, na woga unapungua."

Wakiuliza mshahara unaotaka, usikurupuke. Serikali huweka kima cha chini cha mshahara, na Kisumu imewekwa katika kundi la majiji makubwa pamoja na Nairobi na Mombasa, kwa hiyo kima chake kiko juu kuliko cha vituo vidogo. Ulizeni katika ofisi ya kazi ya serikali kabla ya siku hiyo. Mwisho ukiulizwa kama una swali, uliza: "Nikichukuliwa, kazi yangu ya kila siku itakuwa ipi?"

Haki zako nazo uzijue. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa kabila, dini, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya Ukimwi. Na sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi ndipo aajiriwe.

Ukichukuliwa, uliza habari ya mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi. Usome wote, na ubaki na nakala yako.

Mitego

Turudi kwa yule mama na mtamba wake. Walaghai wana dalili zao. Wanataka pesa kabla ya kazi, na huiita "ya fomu", "ya daktari", "ya chai ya mkubwa". Wanataka itumwe kwa M-Pesa kwenye jina la mtu, si la ofisi. Wanakuharakisha: "Leo saa kumi nafasi inafungwa." Wanakukutanisha hotelini au kando ya barabara. Nao husema, "Usimwambie mtu." Ukisikia neno hilo la mwisho, nenda ukamwambie mtu siku hiyo hiyo.

Wengine watasema, "Lakini fulani alitoa kitu kidogo, na leo yuko kazini." Huenda ni kweli. Lakini Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Kwa hiyo aliyeibiwa pesa za hongo huogopa hata kwenda polisi, na mlaghai analijua hilo vizuri. Tena kazi iliyonunuliwa ilikuwa ya mtoto wa mtu mwingine aliyestahili, labda wa jirani yako asiye na mtamba wa kuuza.

Kwa kazi za nchi za Ghuba, hakikisheni kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Asiye na usajili, mwambieni kwaheri.

Uko mtego mwingine ambao husemwa kwa sauti ya chini. Kina mama wa ufuo wanaijua jaboya, pale mvuvi hadai pesa tu ndipo auze samaki. Maofisini pia wako wanaodai mwili wa msichana ndipo wampe kazi. Sheria ya Ajira inalitaja jambo hilo kuwa unyanyasaji, na msichana aliyelikataa hajapoteza bahati. Akirudi nyumbani analia, asiulizwe "Ulivaa nini?" Asikilizwe, na kikundi kimsindikize kupiga ripoti.

Kikundi kifanye nini?

Kile kikundi kilichotuita hakikuvunjika. Kiliamua mambo matatu. Kwanza, hakuna mkopo wa "kununua kazi", hata kwa mtoto wa mwenyekiti. Pili, kuna mkopo mdogo wa nauli, nakala na ada halali, na mkopaji lazima aonyeshe tangazo lenyewe. Tatu, Jumamosi moja kila mwezi ni siku ya mazoezi. Wanachama watatu huketi mezani kama wahojaji: mmoja mpole, mmoja mkali, mmoja asiyesema neno bali anaandika tu. Kijana huingia, huulizwa dakika kumi, kisha wote humwambia alipofaulu na alipokosea. Wanacheka sana, lakini wanafunzika.

Yule kijana wa mama mjane bado hajapata kazi aliyoitaka. Anafanya kibarua cha mjengo, na kila mwezi hupunguza deni la mama yake kidogo kidogo. Ameitwa mahojiano mara mbili kwa barua alizoandika mwenyewe, bila kutoa hata shilingi ya hongo. Na siku ya mazoezi, ndiye huketi mezani kama mhojaji mkali. Swali lake la kwanza kwa kila anayeingia ni lile lile aliloulizwa langoni: "Nani amekuita?" Anataka kila mmoja awe na barua ya kumwonyesha.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nani amewahi kutoa pesa apate kazi? Mwisho wake ulikuwaje? (Msitaje majina.)
2. Vijana wetu wana uzoefu gani ambao hawajawahi kuuandika?
3. Ni vijana wangapi hapa ambao majina yao hayalingani kwenye karatasi? Tutawasaidia vipi mwezi huu?
4. Nani atakuwa macho yetu kwenye mbao za matangazo?
5. Siku yetu ya mazoezi itakuwa lini, na nani watakuwa wahojaji?